KALAMU NA KOMPYUTA: Maneno Yanayopotea Ndani ya Faili



Mwezi huu tumeonelea tuitumie safu hii kuzungumzia jambo ambalo kwa juu juu ni la mafundi wa kompyuta, lakini ukilitazama kwa ndani ni la kila nyumba yenye watoto waliozaliwa ugenini. Familia nyingi za Waswahili walio Maskati, Dubai, London, Toronto na kwengineko zina hazina ya maandishi yaliyopigwa kwa programu ya kuandikia: barua za babu, nasaha za bibi alizokuwa akizisema huku mjukuu anaandika, mafunzo ya chuoni, mashairi ya arusi, nasaba za ukoo, na hata wasia. Hivi sasa wapo wazee na vijana wanaotaka kuyachambua maandishi hayo, watoe humo neno moja moja, wayapange kwa utaratibu wa alfabeti, na wawape watoto kamusi ndogo ya nyumbani. Nia hiyo ni njema na inastahiki kuungwa mkono.

Kazi yenyewe haiwezekani kwa mkono pale maandishi yanapokuwa mengi, kwa hiyo huandikwa skripti, yaani maagizo mafupi ambayo kompyuta huyafuata hatua kwa hatua, ikarudia kazi ile ile mara elfu bila ya kuchoka. Lakini skripti ina tabia moja ambayo ni lazima tuitahadhari: ikikosea, hukosea kimya kimya. Haisiti wala haiulizi. Hutoa orodha ndefu, safi, iliyopangika vizuri, na mwenye kuipokea akadhani kwamba kila alichokisema marehemu babu kimo humo. Kumbe baadhi ya maneno yamekatwa, mengine yameungana, mengine hayakutoka kabisa, na mengine ambayo mwenyewe aliyafuta yametoka hadharani. Tumeona ni wajibu tueleze sababu zake moja baada ya moja.

FAILI SI KARATASI

Mtu akiitazama hati kwenye kioo cha kompyuta huona ukurasa, na hudhani kuwa ndani ya faili mna ukurasa vile vile. Sivyo. Tangu lilipotoka toleo la mwaka 2007, programu ya Microsoft Word huhifadhi hati kwa mtindo wa docx, na faili ya docx kwa hakika ni furushi: ndani yake mna faili nyengine kadhaa zilizofungwa pamoja kwa njia ya zip. Ukitoa nakala, ukabadilisha mwisho wa jina la ile nakala kutoka docx kuwa zip, utaweza kulifungua furushi na kuyaona yaliyomo.

Maandishi makuu yamo katika faili iitwayo document.xml. Tanbihi zimo katika faili yake mbali, footnotes.xml. Maandishi ya juu na ya chini ya ukurasa yana faili zake, na maoni ya pembeni nayo yana yake. Skripti inayofungua document.xml peke yake haitaleta hata tanbihi moja. Hasara hii si ndogo kwetu, kwa sababu mtu anayeandika maneno ya wazee aghlabu huliacha neno gumu ndani ya habari, kisha maana yake akaieleza katika tanbihi. Tukiziacha tanbihi nje, tutakuwa tumelichukua neno la Kiamu au la Kimvita na kumwachia mtoto bila ya ufunguo wake.

Majedwali nayo yana mtihani wake. Zipo njia za kusoma hati ambazo huleta aya za kawaida tu na kuviruka visanduku vya jedwali. Mwalimu wa chuo aliyepanga msamiati wake katika safu mbili, Kiswahili huku na Kiingereza huku, atapata orodha isiyo na neno hata moja kati ya yale aliyoyapanga kwa uangalifu zaidi kuliko yote.

WALI NA SIKU

Sasa tuiangalie aya yenyewe. Ndani ya faili, aya haikuandikwa kama kamba moja. Imegawika vipande vipande, na kipande kipya huanza kila panapobadilika jambo: herufi kuwa nzito, lugha kuwa nyengine, au hata siku ya kusahihisha kuwa tofauti, maana Word hutia namba za siri za kuonyesha maandishi gani yaliingizwa katika kikao gani. Kwa hiyo mtu aliyerudi siku ya pili akasahihisha herufi mbili katikati ya neno, huenda amelikata neno hilo vipande bila ya kujua. Kwenye kioo haonekani mkato wowote.

Ikiwa skripti inaviunga vipande hivyo kwa kutia nafasi baina yao, hapo ndipo Kiswahili kinapodhulumiwa kuliko lugha nyingi nyengine. Neno la Kiingereza likikatwa katikati, mara nyingi hubaki kipande kisicho na maana, na msomaji akashtuka. Lugha yetu hujenga neno kwa kuunganisha viambishi, na viambishi hivyo vikisimama peke yao huwa na sura ya maneno kamili. "Walifika" likikatwa hutoa "wali" na "fika", na kamusi ya nyumbani itaeleza kwamba babu alitaja chakula. La hatari zaidi ni "sikumwona", ambalo hutoa "siku" na "mwona". Babu alikana, lakini ukano wake umegeuzwa kuwa jina la wakati. Hakuna programu ya kusahihisha tahajia itakayolishika kosa hilo, kwa kuwa "siku" ni neno sahihi kabisa.

Kinyume chake nacho ni kibaya. Skripti inayounganisha kila kitu bila ya nafasi itayabandika maneno yasiyohusiana. Mruko wa tabo na mkato wa mstari havikuandikwa ndani ya faili kama herufi, bali kama alama za namna nyengine. Mwenye orodha iliyoandikwa "kikapu", kisha tabo, kisha "pakacha", atapata "kikapupakacha". Neno la mwisho la aya moja nalo litaliparamia neno la mwanzo la aya ifuatayo.

Kanuni ya kufuata ni nyepesi: vipande vya ndani ya aya moja viunganishwe bila ya kuongeza wala kupunguza chochote, hata nafasi iliyo ukingoni mwa kipande isikatwe, mwisho wa kila aya na wa kila kisanduku cha jedwali utiwe mstari mpya, na kila tabo au mkato wa mstari ugeuzwe nafasi.

RITIFAA NA MZIGO WAKE

Katika tahajia yetu ya herufi za Kilatini, alama ndogo ya ritifaa imebebeshwa mzigo mkubwa. Ndiyo inayotenganisha sauti ya "ng'ombe" na ile ya "ngoma". Haikuwekwa kama pambo. Ni sehemu ya herufi. Lakini skripti nyingi hazikuandikwa na watu wanaolijua hilo. Kanuni inayofundishwa kwa wanaoanza lugha ya Python, kwa mfano, husema kuwa neno ni mfululizo wa herufi, tarakimu na kistari cha chini. Ritifaa haimo, kwa hiyo kila inapotokea neno hukatwa.

Matokeo yake ni haya. "Ng'ombe" huwa "ng" na "ombe". "Ng'ata" huwa "ng" na "ata". "Nung'unika" huwa "nung" na "unika". Na "ng'oa", kitendo cha mwenye kung'oa jino au mti, huwa "ng" na "oa", ikaonekana kana kwamba mzee aliyekuwa akieleza namna ya kusafisha shamba la mihogo alikuwa akizungumzia ndoa. Hata "ng'ambo", neno linalotuhusu sisi sote tunaoishi huku, halitaonekana katika orodha.

Mkosi haukuishia hapo. Ritifaa ina zaidi ya sura moja. Ipo iliyonyooka, inayotoka kwenye kibao cha herufi. Ipo iliyopinda, ambayo Word huitia yenyewe badala ya ile iliyonyooka. Ipo iliyopinda upande wa pili, inayokusudiwa kufungua nukuu. Na ipo iliyotengwa katika orodha ya Unicode ihesabiwe kuwa ni herufi. Kwa jicho la binadamu hizi ni karibu kitu kimoja. Kwa kompyuta ni alama nne mbalimbali. Basi "ng'ombe" aliyeandikwa na baba katika programu moja na "ng'ombe" aliyeandikwa na binti katika programu nyengine huhesabiwa kuwa maneno mawili, na kila mmoja akapangwa mahali pake.

Maneno yetu ya dini yanaandamwa na balaa hiyo hiyo. Wanaoandika "Qur'an", "Ka'ba", "du'a" au "Jumu'a" kwa ritifaa watakuta "Qur" na "an", "Ka" na "ba", "du" na "a". Neno tukufu kuliko yote katika maandishi ya chuoni likakosekana katika orodha ya msamiati wa chuo! Anayetaka kujua ni mara ngapi limetajwa ataambiwa kwamba halikutajwa hata mara moja.

Dawa ni kugeuza sura zote za ritifaa ziwe moja kabla ya kukata maneno, kisha kuiambia skripti kwamba ritifaa iliyo baina ya herufi mbili ni sehemu ya neno, na iliyo ukingoni ni alama ya kunukuu. Kanuni hii inatosha kwa nathari, kwa kuwa "ng'" hufuatiwa na herufi nyengine. Katika mashairi haitoshi. Malenga wa mwambao hukata silabi ya mwanzo ili mizani itimie, wakaandika "'mekwisha", na ritifaa ya mwanzo wa neno hapo si nukuu. Tena Word, ikiiona ritifaa baada ya nafasi, huidhania kuwa inafungua nukuu na kuipindua. Kwa hiyo mashairi yatengwe yakaguliwe kwa jicho, asiachiwe mtumwa wa chuma kazi ya malenga.

HERUFI ZA KIARABU

Nyumba nyingi zina hati zilizochanganya Kiswahili na Kiarabu, au Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu kama walivyoandika wazee wetu kwa karne kadhaa. Hapa liko jambo ambalo huwashangaza hata mafundi. Irabu za Kiarabu, yaani fataha, kasira, dhuma na sukuni, katika kompyuta si herufi. Ni alama zinazopandishwa juu au kushushwa chini ya herufi. Ile kanuni ya Python tuliyoitaja haizihesabu kuwa sehemu ya neno. Basi neno lililoandikwa bila ya irabu hutoka zima, na neno lile lile lililotiwa irabu kwa ajili ya watoto wanaojifunza kusoma hukatika herufi moja moja. Waandishi waliojitahidi zaidi ndio wanaopata hasara kubwa zaidi.

Kadhalika mstari wa kuvuta herufi, ule unaorefusha neno ili ukurasa upendeze, huhesabiwa kuwa herufi. Neno lililovutwa na lisilovutwa yakawa mawili. Na ile alama moja ya kumsalia Mtume, ambayo imewekwa katika Unicode kama umbo moja, hurukwa na skripti moja, na kwa skripti nyengine hufunguliwa ikawa maneno manne kamili. Lolote kati ya hayo laweza kuwa sawa, madhali mwenye kazi ameamua mwenyewe, wala hakuamuliwa na mashine.

HESABU ISIYOLINGANA

Wapo wanaopendelea kuandika skripti ndani ya Word kwenyewe, kwa lugha yake ya VBA. Humo mna mkusanyiko uitwao Words, na jina lake linadanganya. Chukua aya fupi: "Njoo, mwanangu." Kwa hesabu ya kawaida ina maneno mawili. Mkusanyiko wa Words utasema matano, kwa sababu koma ni moja, nukta ni moja, na alama ya mwisho wa aya ni moja. Zaidi ya hayo, neno hutolewa pamoja na nafasi inayolifuata, hata "mtoto" mwenye nafasi na "mtoto" asiye na nafasi wakawa watoto wawili. Mwisho wa kisanduku cha jedwali huja na alama mbili zisizoonekana. Kila kitolewacho kwa njia hii kisafishwe kwanza, ndipo kihesabiwe.

Upande wa pili, skripti inayozoa kila kilichomo ndani ya furushi italeta ya ziada. Maagizo ya Word kwenyewe, kama yale ya kuweka namba ya ukurasa au kiungo cha intaneti, yamo katika faili kwa maneno ya Kiingereza, na neno HYPERLINK laweza kuwa miongoni mwa maneno "ya Kiswahili" yaliyotumika sana. Maandishi yaliyotiwa katika kisanduku cha pambo nayo mara nyingi huhifadhiwa mara mbili, moja kwa matoleo mapya ya programu na moja kwa ya zamani, hivyo kila neno la humo likahesabiwa maradufu.

YALIYOFUTWA HAYAKUFUTIKA

Tumeliacha la mwisho jambo lililo zito kuliko yote. Word ina njia ya kufuatilia mabadiliko, ambapo kinachofutwa hakiondoki. Hutiwa alama kwamba kimefutwa, kikabaki ndani ya faili hadi mtu ayakubali mabadiliko. Mwenye kuangalia anaweza kuchagua asiyaone kwenye kioo, akadhani hayapo tena.

Wakubwa wa dunia wameingia katika mtego huu. Mwezi wa Februari 2003 serikali ya Uingereza iliweka kwenye intaneti waraka kuhusu Iraq ukiwa faili ya Word, na ndani yake watu wakaikuta orodha ya mara kumi za mwisho ulipohifadhiwa, pamoja na majina ya waliouhifadhi. Mwezi wa Oktoba 2005 ripoti ya uchunguzi wa Umoja wa Mataifa juu ya kuuawa kwa Rafik Hariri, aliyekuwa waziri mkuu wa Lebanon, ilitolewa ikiwa na mabadiliko yake ndani, na waandishi wa habari wakayasoma majina yaliyokuwa yameondolewa.

Ikiwa hayo yamewafika wenye makatibu na wanasheria, itakuwaje kwa mzee aliyeandika wasia wake na mjukuu akiwa mpigaji chapa? Mzee huenda aliandika lawama juu ya mwanawe kwa hasira, kesho yake akamsamehe, akaamuru mistari ile ifutwe. Miaka ikipita, mjukuu akaitia faili hiyo katika skripti ya kutoa maneno pamoja na barua nyengine, na maneno ya hasira yakafufuka yakasomwa na mwana yule yule aliyesamehewa. Maneno aliyoyafuta mwenyewe ni siri yake, na siri ni amana.

Katika jambo hili skripti hukosea kwa njia mbili zinazopingana. Inayozoa kila kitu huyatoa yaliyofutwa. Inayosoma vipande vya kawaida tu vya aya huyaacha yaliyofutwa, lakini pia huyaacha yaliyoongezwa, kwa kuwa nayo yamefungwa ndani ya alama yao. Hivyo mistari aliyoiongeza mzee baada ya kutulia, huenda ndiyo ya msamaha, ikawa ndiyo isiyotoka.

LA KUFANYA

Kwanza, faili ya asili isiguswe. Toa nakala, na kazi yote ifanywe juu ya nakala.

Pili, kabla ya skripti yoyote, fungua nakala katika Word, angalia kama mna mabadiliko yanayofuatiliwa, na uyakubali au uyakatae yote kwa kujua unachokifanya. Ikiwa hati ni wasia, barua ya ugomvi au mambo ya ndoa, iwekwe kando kabisa. Si kila maandishi ni ya kuchumwa maneno.

Tatu, tengeneza ukurasa mmoja wa majaribio. Andika humo "ng'ombe" kwa kila sura ya ritifaa, neno moja ndani ya jedwali, moja katika tanbihi, moja ndani ya kisanduku cha pambo, moja lenye herufi chache za katikati zilizotiwa wino mzito, sentensi moja iliyofutwa na nyengine iliyoongezwa huku mabadiliko yakifuatiliwa, na neno la Kiarabu lenye irabu na lisilo na irabu. Endesha skripti, kisha linganisha. Skripti isiyofaulu ukurasa huo isikabidhiwe barua za babu.

Nne, kila neno lihifadhiwe pamoja na sentensi lilimotoka. Neno pekee haliwezi kujitetea. "Siku" iliyozaliwa na "sikumwona" hutambulikana papo hapo pale sentensi nzima inaposomwa.

Tano, orodha ikikamilika isomwe kwa sauti mbele ya mzee mmoja anayekijua Kiswahili cha kwao. Panapo "ombe", "nung" au "unika" atauliza ni vitu gani hivyo, na pale lilipokosekana neno alilolizoea atasema liko wapi. Wazee wa namna hiyo wanapungua kila mwaka katika miji yetu hii ya ugenini, na baada yao faili ndizo zitakazobaki. Basi kazi hii ya kulinganisha ifanyike sasa, madhali yupo wa kuulizwa.

Wabillahi tawfiq.